Njooni Tusomewe Hesabu

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu ofisi ya kijiji kuchukua barua. Alikuwa anaomba kitambulisho cha taifa, na huku kwetu mpakani ombi hilo huanza na karatasi ya kijiji inayosema huyu ni mtoto wa fulani, babu yake kazikwa pale kwenye migomba. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja. Meza ilitandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, na kikopo cha wino kilifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kifuniko kisidondoke. Barua iliandikwa vizuri, mwandiko wa mtu aliyesoma zamani. Kisha mhuri ukabaki hewani. Aliyeushika akaupulizia pumzi mara moja, akaupulizia tena, akatutazama, akasema kwa upole kabisa: "Mzee, mhuri nao unakula."

Nikatoa elfu mbili. Mhuri ukashuka. Tukaagana kwa kupiga makofi taratibu kama adabu ya Kiha inavyotaka, tukatoka.

Kinachonisumbua mpaka leo si zile elfu mbili. Ni kwamba kati yetu watatu hakuna aliyekasirika. Sikuuliza risiti, yeye hakuona haya, na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alijifunza kitu siku ile. Aliyemfundisha ni mimi.

Kwa hiyo ninapowaandikia ninyi ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, pamoja na majirani zetu wa Kakonko na Buhigwe ambao tulikuwa wilaya moja nao hadi tulipogawanywa mwaka 2012, siandiki kama mtu aliyesimama pembeni na mikono safi. Naandika kama mmoja wa waliolipa.

Kwa mtu wa Morogoro barua ya kijiji ni hatua ya kupita tu. Kwa Muha ni uraia wake. Lugha yetu Mrundi anaielewa bila mkalimani, majina yetu na yao ni yale yale, na kila aliyepanda basi kutoka huku anayajua maswali ya kizuizini: umezaliwa wapi, babu yako nani, shule ya msingi umesoma wapi. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini tuutazame na mhuri wetu. Mhuri ukiwa na bei, uraia nao una bei. Asiyestahili akiwa na elfu hamsini atapata barua ambayo anayestahili, kwa kukosa elfu mbili, ataikosa. Na ofisa wa mjini akishajua kwamba mihuri ya vijijini hununuliwa, hataamini hata mmoja, uliouzwa na usiouzwa. Ndipo maswali ya kizuizini yanaporudi, kwako wewe ambaye hukuhonga mtu. (Kama kijiji kina ada halali ya ofisi, iliyopitishwa na inayojulikana, ina risiti. Isiyo na risiti tunajua inaitwaje.)

Tumezoea kusema samaki huoza kuanzia kichwani. Waulizeni akina mama wanaouza migebuka sokoni Kasulu: samaki huanza kuharibika tumboni, ndiyo maana mwenye akili hutoa matumbo mapema. Tukizungumza maadili ya uongozi nchi hii, macho yote hukimbilia kichwani. Tutataja ripoti ya Tume ya Jaji Warioba juu ya rushwa ya mwaka 1996, tutataja kashfa ya Richmond na waziri mkuu aliyejiuzulu Februari 2008, tutataja wizi wa fedha za EPA. Na watu wa Kigoma tukifika kwenye kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow tunaongeza sauti, kwa sababu pale walisimama watoto wa mkoa wetu. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, ndiye aliyelipigia kelele jambo lile bungeni hadi likasikika, na Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, ikasoma taarifa yake mbele ya nchi nzima. Fedha zilizozungumzwa zilizidi shilingi bilioni 300. Jioni zile redio hazikuzimwa.

Lakini wale hawakusimama na mdomo mtupu. Walikuwa na karatasi. Nyuma yao kulikuwa na ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wenye tarakimu, tarehe na majina ya akaunti. Sasa nikuulize wewe uliyekuwa umekaa karibu na redio: kitabu cha mapato na matumizi cha kijiji chako nani anakikagua?

Sheria imekwishajibu. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, chombo kikuu cha kijiji si mwenyekiti, si mtendaji, wala si halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wake 15 hadi 25. Ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwenye digrii na asiyejua kusoma, mwanamke na mwanaume. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa hesabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza uzito: halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kukubali kwanza. Kwa watu wanaoishi kwa mihogo, maharage na mahindi, sijui kama kuna mamlaka makubwa kuliko hayo.

Na sisi mamlaka hayo tunayafanyia nini? Mbiu inapigwa jioni, kesho yake asubuhi chini ya mwembe wa ofisi wanakuja wazee kumi na wawili, watoto wanaochunga mbuzi, na mtu mmoja aliyekuja kwa jambo lake la mpaka wa shamba. Wanasubiri mpaka jua linakuwa kali. Akidi haikutimia. Mkutano unaahirishwa, lakini muhtasari unaandikwa hivyo hivyo kwa kuwa kata inautaka, na karatasi ya mahudhurio inajazwa jioni, nyumba kwa nyumba. Nimewahi kuikuta saini yangu kwenye mkutano uliofanyika siku niliyokuwa msibani Heru Juu. Ilikuwa nzuri kuliko ninayoweka mwenyewe.

Kwa nini hatuji? Watu watasema shughuli, na ni kweli, mwezi wa palizi hauna huruma. Mimi nadhani kuna jambo la zamani zaidi. Wazee wetu walikaa kilima kwa kilima, kila ukoo na migomba yake. Mwami, mtawala wao, alikuwa mbali, ardhi ilikuwa na mteko wake aliyejua mipaka, na watu walijuana kwa vizazi. Kisha serikali ikafuta utawala wa machifu, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakashushwa kwenye vijiji vilivyopangwa kando ya barabara, wengine nyumba zao za zamani zikibaki nyuma na mazao shambani. Kijiji kilitukuta, hatukukijenga kwa hiari yetu. Ndiyo maana mpaka leo ofisi ya kijiji tunaiita "serikalini", na hela yake "hela ya serikali". Anayeiba mbuzi wa jirani atafukuzwa na kilima kizima usiku kwa usiku. Anayekula mchango wa zahanati tunasema, "Kala hela ya serikali," na kesho tunampisha kiti msibani. Wakati mbuzi yule ni huyu huyu, ila amebadilishwa kuwa noti.

Wenzetu waliotujia kutoka ng'ambo ya mpaka wana jambo la kutuongezea hapa. Aliyewahi kukaa na wazee wa Kirundi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta, jioni, baada ya habari za mgao na za nyumbani kwisha, alisimuliwa juu ya abashingantahe. Intahe ni fimbo, na mshingantahe ni yule anayeisimika chini anapokata shauri. Kilichonivutia si fimbo, ni njia ya kuipata. Mtu hakujitangaza kwamba anaitaka. Alitazamwa miaka mingi: analipaje madeni, akinywa anakuwaje, anamsemaje mkewe mbele za watu, akigawa nyama mkono wake unaegemea wapi. Akionekana anafaa, alisimikwa hadharani na kula kiapo mbele ya majirani wale wale waliomtazama. Serikali zilizofuata ziliingiza mikono yao na kukitumia cheo kile kisiasa, lakini wazee hawakusahau kilianzaje. Uaminifu wa mtu yule haukutoka kwenye semina. Ulitoka kwenye kutazamwa.

Nisiwapambe kupita kiasi, maana hata wao wana kisa chao. Waliokatiwa shauri walikuwa wakileta chungu cha pombe, agatutu, ili waamuzi wapooze koo. Ilikuwa asante. Taratibu asante ikaanza kutangulia hukumu, na chungu kikubwa kikawa na sauti kuliko ushahidi.

Kisa hicho tumekirudia wenyewe, tena kwa sheria ya Bunge. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaingizwa takrima: mgombea akikirimu watu kwa nia njema, kwa desturi, isihesabiwe kuwa rushwa. Wali ukapikwa, pilau ikaitwa utamaduni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho ikisema kinakiuka Katiba, kwa sababu ndogo na nzito: mgombea maskini hana cha kukirimu, kwa hiyo hawako sawa tangu mwanzo. Tangu hapo takrima haina kinga. Lakini mchango wa sherehe wa ghafla, mipira ya vijana na khanga za akina mama havikusoma hukumu ile.

Wahenga wa Buha walikuwa na ubugabire, mtu kupewa ng'ombe na mwenye mali, akanywa maziwa yake, na yeye akawa wa yule mtoaji, akimlimia na kumfuata. Ulikuwa mkataba mzito na wengi ulikuwa umewabana. Lakini angalau alikuwa ng'ombe! Sisi tunajifunga miaka mitano kwa khanga inayochuja rangi kabla ya masika kwisha.

Sasa niseme habari ya mama mmoja, maana bila yeye nisingeandika. Mwaka 2021, serikali ilipotoa fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kwa nchi nzima, yalijengwa madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa fosi akaunti: fedha zinaingia akaunti ya shule, na wananchi wenyewe wanaunda kamati, ya manunuzi, ya mapokezi, ya ujenzi. Katika shule moja ya Kibondo mama huyo aliwekwa kamati ya mapokezi, nadhani kwa kuwa palikosekana mwanamke na yeye hakuwa msemaji. Kusoma alikuwa anasoma kwa shida. Alichofanya ni kuchukua kipande cha mkaa. Gari la saruji likifika, alikaa juu ya tofali mlangoni mwa stoo, na kila mfuko uliopita begani mwa kijana alichora mstari ukutani, mistari minne wima na wa tano unaipita kwa mshazari. Mfuko ukitoka kwenda kwa fundi, aliufuta mstari kwa kidole kilicholowa mate.

Siku moja hati ya mapokezi ilikuja imeshaandikwa mifuko themanini, imebaki saini yake. Ukutani ilikuwa sabini na mbili. Dereva akacheka, fundi akasema ni hesabu za mkaa hizo, mwingine akamwambia mama asicheleweshe maendeleo. Yeye hakubishana. Aliwaambia waingie stoo wahesabu. Wakahesabu mara mbili. Saa moja baadaye mifuko minane ilipatikana, eti ilisahaulika dukani. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alinijibu kwamba angeogopa kama angekuwa anasema maneno, lakini yeye alikuwa anahesabu tu.

Hicho ndicho ninachowaomba. Siwaombi muwe mashujaa wa bungeni. Naomba tuhesabu.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji chako ukipigiwa mbiu, nenda. Chukua kigoda chako, keti mbele, na ajenda ya mapato na matumizi ikirukwa uombe isomwe. Nenda na shemeji yako, nenda na jirani mliyekosana naye kwa sababu ya mbuzi. Mtu mmoja akiuliza anaitwa mchochezi. Wakiuliza arobaini linakuwa swali. Wanaume, msiwaache wake zenu nyumbani mkasema mtawaletea habari. Mchango wa zahanati wanautoa wao kwenye hela ya maharage, na wao ndio watakaolala kwenye ile zahanati. Kama siku iliyopangwa ni ya mnada, mwombeni mwenyekiti aibadilishe. Atabadilisha akijua mtakuja.

Ukienda kuuza gunia zako na mkusanya ushuru akakusimamisha, dai risiti ya mashine, usome tarakimu yake. Ripoti za ukaguzi wa halmashauri zetu nchini zimerudia mara nyingi habari za fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na zisifike benki. Na ukumbuke kwamba katika bajeti ya 2017/18 Dk. Philip Mpango, mtu wetu wa Buhigwe, wakati huo waziri wa fedha, alitangaza kufutwa kwa ushuru wa mazao yasiyozidi tani moja yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni wangapi wameendelea kulipishwa gunia nne kwa kutolijua hilo?

Kwenu wenyeviti wa vijiji na vitongoji mliochaguliwa Novemba 27, 2024, nawasalimu kwa heshima, na nataka niseme jambo ambalo watu hawalisemi mbele yenu. Hamna mshahara. Mnakwenda vikao vya kata kwa baiskeli zenu, vocha ni ya kwenu, wageni wakija chai ni ya kwenu, na usiku watu wakipigana mnaamshwa ninyi. Nadhani mhuri uliojifunza kula ulianzia hapo. Basi lileteni mkutanoni waziwazi: kijiji kizungumze mwenyekiti wake apate posho kiasi gani, kutoka mapato gani, iandikwe, isomwe, na mhuri ubaki bure. Wengi wetu tungekubali kuliko mnavyofikiri. Na hesabu za robo mwaka bandikeni ubaoni, kwa mwandiko mkubwa, pale ambapo mvua haifiki.

Kuna atakayeniambia uchaguzi wenyewe ule una maneno yake, wagombea walienguliwa, chama kimoja kikatangazwa mshindi karibu kila kijiji nchini. Manung'uniko hayo nayajua, na sitayafunika kwa shuka. Lakini mkutano mkuu wa kijiji hauulizi kadi ya chama. Mwenyekiti aliyepita kwa kura za kijiji kizima na aliyepita bila kupingwa wote wanadaiwa hesabu ile ile.

Waheshimiwa madiwani, ninyi mko ndani ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na tamko lenu la mali na madeni hutakiwa kila mwaka kabla ya Desemba 31 kwisha. Kujaza fomu ni wajibu. Kutuambia wapiga kura wenu kwamba umeijaza ni jambo la ziada, na lingetupendeza.

Vijana mna simu. Pigeni picha ubao wa matangazo, wenye hesabu na usio na kitu, wote upigwe picha na tarehe ionekane. Namba ya TAKUKURU ni 113 na hailipiwi, na tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Najua kijijini kila mtu anajua nani alipiga simu. Ndiyo maana nimeanza na mkutano, ambako tunakuwa wengi, na simu nimeiweka mwisho.

Mbiu ya kijiji changu imekwishapigwa, mkutano ni Jumamosi. Mpwa wangu sasa ana kitambulisho na mtoto mmoja, nimemwomba aje tukae pamoja. Likifika la mengineyo nitasimama na kueleza nilivyolipa elfu mbili za mhuri nikanyamaza, kisha nitauliza ziliingia ukurasa gani wa kitabu.